Miaka ya Kiuno

Kolwezi, tarehe 9 Aprili 1987

Kaka yangu mpenzi, Yaya Abedi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, na wote nyumbani ni wazima, isipokuwa Mama, ambaye goti lake linamsumbua na halitaki kusikia dawa ya mtu. Natumaini barua hii itakukuta huko Kindu ukiwa na afya njema, wewe na wifi yangu Shida na watoto. Kikohozi chako kimekuacha? Yule msafiri uliyemtuma alifika na mafuta ya mawese. Nusu yalimwagika njiani, ingawa yeye anaapa kwamba hayakumwagika. Tunakushukuru kwa yale yaliyofika.

Uliniuliza hali ya Baba. Uliniuliza pia ni nani aliyebuni hili jina la miaka ya kiuno, kwa kuwa umelisikia hata huko kwenu kwa dereva mmoja aliyetoka Kolwezi, ukacheka peke yako barabarani. Mimi nami nilicheka niliposoma. Kisha nikanyamaza, kwa sababu jina hilo lilizaliwa kwenye kibaraza chetu, nawe hukuwepo. Leo nitakueleza yote, na habari za Baba zitatoka humo humo.

Unakumbuka wazee wa mtaa wetu wanavyohesabu miaka. Hakuna anayesema hamsini wala sitini. Kila kipindi wanakipa jina kwa kuangalia waliotawala walikuwa wakitufanya nini. Ile ya Wabelgiji waliiita miaka ya fimbo, na Babu kila akiitaja alikuwa akijishika mgongo. Baada ya uhuru, wakubwa wakabadilishana viti kila kukicha na sisi tukabeba magodoro kukimbilia porini, basi ikawa miaka ya mbio. Ulipoondoka wewe, miaka ya sabini ilikuwa bado changa na haina jina.

Nchi ilikuwa imekuwa Zaïre, mto Zaïre, pesa Zaïre, na wakubwa wetu wakagundua kwamba hakuna kitu wanachokipenda kama kuchezewa ngoma. Kila shule, kila kampuni, kila soko likatakiwa kuwa na kikundi chake cha animation, cha kuimba na kucheza kuwasifu wakubwa. Mgeni akishuka kwenye ndege, kina mama wameshapanga mistari wakizungusha kiuno juani. Mkubwa akifungua hata kisima, kiuno. Nacheka nikiandika, lakini sitakudanganya, nikikumbuka siku zile moyo wangu unalainika. Vitenge vilikuwa vipya, bado vinanuka duka. Uwanja wa mpira ulitoa vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na filimbi ikilia wanawake wa Kasai, wa Lunda na sisi wa Maniema tulikanyaga chini kwa mguu mmoja. Sijaona tena watu wa mji huu wakifanya kitu pamoja namna ile.

Baba, unamjua, hakutaka hata kusikia. Alisema lori lake linabeba unga kutoka Lubudi, halibebi viuno. Mwaka 1975 ukatangazwa ugeni mkubwa wa kutembelea bwawa la Nzilo, na wenye malori wote wakaombwa kupeleka wachezaji. Baba akajibu kwamba lori lake limeharibika. Kesho yake asubuhi watu walimwona analipitisha katikati ya mji, limejaa magunia, naye anapiga honi kama bwana harusi. Basi mkubwa mmoja wa zone, wilaya yetu, akaagiza lori lizuiliwe. Likafungiwa ndani ya uwanja wake, na geti likawekwa askari.

Yaya, lori lile ndilo lilikuwa chakula chetu. Baba alikwenda kwa yule mkubwa kila asubuhi, kanzu imepigwa pasi, akakaa kwenye benchi mpaka ofisi inafungwa, akarudi mikono mitupu. Tukaanza kula ugali, bukari tupu, kwa chumvi. Mama alikuwa akimwambia tumeshiba kabla hajauliza. Nilikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi na tisa, na kumwona baba yangu anarudi kwa miguu kulinikata maini.

Siku moja jirani yetu Mama Ntumba, mke wa yule mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, akaniita nyuma ya nyumba yake. Ndiye aliyeongoza kikundi cha mtaa. Aliniambia kwamba yule mkubwa alikuwa ameniona nikicheza kwenye harusi ya Simone, binti wa Mama Ntumba mwenyewe, na kwamba kikundi kilikosa mtu wa kusimama mbele. Alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Nikicheza mstari wa mbele kule Nzilo na mgeni akafurahi, lori litafunguliwa. Nilimjibu kwamba Baba bado anaomba, huenda atasikilizwa. Mama Ntumba akanitazama kwa huruma.

“Bakubwa ba sasa habasikiake maombi,” akasema. “Beko banaangalia kiuno tu.”

Nikaenda Nzilo. Mama peke yake alijua, naye ndiye aliyenifunga kitenge. Mgeni alipiga makofi, akasimama, akapiga tena. Siku ya pili lori likalala nyumbani, na majirani wakaja kibarazani baada ya sala ya magharibi kumpongeza Baba kwa uvumilivu wake. Pale kibarazani hakuna aliyemwambia lolote kuhusu makubaliano yale, na mimi sikuthubutu, maana nilijua angelirudisha lori kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kwamba nilicheza mbele, hilo alikuwa ameshalisikia kwa midomo kumi. Mzee mmoja wa mtaa, Tata Ngoy, akaanza mazungumzo, akasema ni kitu gani hiki, miaka hii inakwenda na bado haijapata jina. Baba akajibu bila kuinua macho.

“Baba yangu alipata fimbo. Sisi tulipata mbio. Hii ni miaka ya kiuno.”

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Baba hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani akanipita mlangoni kama anapita nguzo. Tangu kesho yake hakula tena chakula kilichopikwa na mkono wangu, wala hakunisemesha. Akitaka kitu alimwambia Mama, “Umuambie mutoto wako,” nami nimesimama pale pale.

Jina likatoka kibarazani likaenda sokoni, likaenda kwa wachimbaji, likapanda treni. Mwanzoni lilikuwa la kuchekesha na la kunong'onezana. Halafu ikaja vita ya 1978, tukazika watu, na tuliorudi majumbani tukaanza kulitaja kwa hamu. Wanawake walikuwa wakikaa kwenye bomba la maji wakisema, ee, ile miaka ya kiuno, tulikuwa na nguvu. Mimi kila nikilisikia lilinichoma. Nilijua limetungwa kwa ajili yangu. Nimeolewa, Baba alimtuma mjomba anitoe. Nimezaa, amewabeba wanangu na kuwachekea, na mimi mama yao hakuniangalia. Sikukuandikia haya kwa sababu ungekuja kugombana naye, na wewe na yeye mkigombana nyumba haikaliki.

Sasa hali yake. Masika haya kifua kimembana vibaya, akalala kitandani. Mama na goti lake hawezi kusimama jikoni, kwa hiyo nikaja mimi. Nilimpelekea uji, akageukia ukutani. Mchana nikapeleka bukari na samaki, akageukia ukutani. Hapo hasira ikanipanda, Yaya, unajua yangu ikipanda. Nikaketi kitandani kwake bila ruhusa na nikamweleza kila kitu, lori, Mama Ntumba, yule mkubwa, Nzilo. Nikamwambia kwamba jina alilonipa nimelibeba bila kosa, na kwamba akitaka kufa na njaa afe, lakini afe akijua. Mama kule nje alikuwa analia kwa sauti.

Baba akageuka, akaniangalia usoni.

“Mi nilijua tangu ile siku,” akasema. “Stanislas aliniambia.”

Stanislas alikuwa dereva wa yule mkubwa. Kwenye karatasi aliitwa Mwenze, kwa kuwa majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, lakini mtaani hakuna aliyemwita hivyo. Ndiye aliyemkabidhi Baba funguo, na alimweleza pale pale getini lori linatoka kwa sababu gani.

“Haiko wewe ulinipatisha aibu,” Baba akaendelea. “Ile aibu ilikuwa ya mi mwenyewe. Baba muzima, lori yake inatoka kwa kiuno ya mutoto. Kila nikikuona, naona ile geti. Ile jina nilipatia bale bakubwa, na nilijipatia mi. Wewe sikukupatia.”

Nililia, sifichi. Tumepoteza miaka yote ile, watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja akidhani jina ni lake. Akaomba sahani, akala samaki mpaka mifupa, akasema chumvi imezidi. Kifua bado kinambana lakini leo asubuhi alikaa kibarazani, na ni mimi niliyemshika mkono.

Kuna moja zaidi, nalo ni lako peke yako. Alipomaliza kula Baba aliniuliza kama niliumia sana siku ile, kucheza mbele ya watu wale kwa ajili yake. Niliinamisha kichwa, akafikiri ni ndiyo, akanishika bega. Nimemwachia hivyo kwa sababu ni mgonjwa. Lakini filimbi ilipolia pale Nzilo, Yaya, nililisahau lori. Sikulikumbuka mpaka ngoma ziliponyamaza. Hata lingekuwa limeegeshwa mlangoni kwetu na tangi limejaa, ningecheza.

Mama anakusalimu, na Baba amesema nikuandikie kwamba uje kabla ya kiangazi kwisha, anataka kukuona. Mbusu wifi yangu na watoto wote. Mungu akulinde safarini na nyumbani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mwanvua binti Masudi