Dakika Kumi Mimbarini

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila usingizi nausikia kwa watu tu. Ningepiga simu, lakini najua utaitikia "eee" kila kitu, halafu umuulize Mama nimesema nini.

Kampeni imepamba moto. Daktari wetu, yule mng'oa meno anayegombea ubunge, anapendwa kila tuendako. Ni mtu wa sala, Baba, na anaimba besi kukushinda wewe. Nina ombi. Jumapili ya mwisho kabla ya kura, mpe dakika kumi mimbarini kwako. Asalimie tu, kisha umwekee mikono mbele ya waumini. Nimeshawaahidi wakubwa wangu kwamba kwa baba yangu hakuna shida. Usiniangushe.

Mwanao


12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Masikio yamegoma. Juzi nimembatiza mtoto kwa jina la babu yake badala ya lake, na watu wakanyamaza kwa heshima. Miguu ya mama yako bado. Anapanda ngazi za kanisa kwa kunishika bega, anasema mimi ndiye mkongojo wake wa bure.

Daktari aje. Akae kwenye benchi, aimbe besi yake, nami nitamwombea kama ninavyomwombea kila mtu. Mimbarini hapana. Benchi la mbele anakaa fundi seremala, aliyeyatengeneza mabenchi yote yale, na unajua yeye ndiye mwenyekiti wa chama kile kingine hapa mtaani. Nikimwekea Daktari mikono wiki ya kura, nitakuwa nimemwambia fundi kwamba Mungu ameshapiga kura yake. Kisha nimpe mkate na kikombe kwa uso gani? Serikali ina ofisi zake, na uwanja wa mikutano upo. Mimi nimepewa kuwachunga wote.

Mama anauliza, unakula?

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza. Wenzangu wanasema umeshawekwa mfukoni na chama kile, na mimi nakosa la kukutetea. Nchi ikishikwa na watu wasiomjua Mungu, mabenchi yatatusaidia nini? Nimezungumza na wazee wa kanisa moja kwa moja. Wamekubali. Tafadhali usisimame njiani.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Huenda wazee wamekwisha kukusimulia, ila nataka ulisikie na kwangu. Daktari alikuja, wakampandisha mimbarini katikati ya ibada. Sikugombana na mtu. Nilishuka nikakaa pembeni ya mama yako, joho na vyote. Zile dakika zake zikazaa nyingine, makofi yakapigwa, kisha mzee mmoja akatangaza kwamba atakayempa kura mwingine asiikaribie meza ya Bwana. Mimi sikulishika neno lile. Mama yako ndiye aliyelirudia sikioni mwangu. Fundi akainuka, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Waliowafuata walikuwa wengi, na baadhi yao hawana chama chochote.

Kesho yake nikaambiwa nimesimamishwa kwa kumdharau mgeni wa kanisa, na nyumba ya mchungaji niiache. Tuko kwa shangazi yako, chumba cha nyuma ya duka lake la cherehani. Mama yako alikunja mapazia mwenyewe. Hakulia, ila ameacha kutania. Waliotoka siku ile tunasali nao hapahapa, katikati ya nguo za watu.

Kura ikiisha, ulale.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tumeshinda! Daktari ni mbunge, na mimi ndiye katibu wake, nina ofisi yenye dirisha. Nimemwomba akusemee kwa wazee. Amesema mambo yakitulia. Kuja huko sasa sina nafasi. Mwambie Mama nitamtafutia mtaalamu wa miguu.

Baba, kusema kweli bado nina kinyongo. Ungetupatia hata kura yako tu, ningekuwa na la kusema mbele ya watu.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Uliondoka baada ya mazishi ya mama yako hatujakaa hata kidogo. Asante kwa gari, na kwa kuwafanya wazee wamfungulie kanisa. Najua ulihangaika. Najua pia kwamba kumleta mheshimiwa uliona ni kumheshimu mama.

Lakini aliposhika kipaza sauti mbele ya jeneza, akaanza kutaja visima atakavyochimba, mimi nilikuwa namtazama fundi. Jeneza lile kalitengeneza yeye. Alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, akalileta, kisha akasimama barabarani, nje ya geti, mpaka mwisho. Nilimpungia mkono aingie. Akatikisa kichwa. Na mama yako ndiye aliyewafundisha watoto wote wa fundi huyo kusoma.

Sasa lile la kura. Nilimpa Daktari. Nilikwenda kumsikiliza uwanjani, nikajibanza karibu na spika, nikaona katika wote yeye ndiye afadhali. Mama yako alimpa mwingine, tukacheka njia nzima ya kurudi. Kura ilikuwa yangu, nikaitoa nilivyotaka. Mimbari haikuwa yangu.

Baba yako


9 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Mwishowe nikamwambia Daktari ulimpigia kura nani. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe mzee ni wetu! Angesema mapema, mbona tungeyamaliza?" Palepale akawapigia simu wazee, akawaambia wakurudishie kanisa na nyumba, na kila aliyeingia ofisini siku ile akamsimulia.

Hajaelewa hata neno moja. Mimi nimeelewa, Baba, na Mama hayupo.

Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, bila mtu. Nitakaa nyuma, pamoja na watu wa fundi. Niombee ruhusa kwao.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wazee walileta funguo. Nimewashukuru, sikuzipokea. Wamenirudishia kwa ajili ya kura yangu, na kwa mlango huo siwezi kuingia.

Watu wa fundi usiwaombe ruhusa. Hawaji tena kusali nasi, hata mmoja. Kuna uchaguzi mdogo wa diwani, na chama chao kimemsimamisha dada mmoja. Fundi alinijia ana furaha tele: nimpe huyo dada nafasi kidogo ibadani, asalimie, nimwekee mikono.

"Baba Mchungaji," akasema, "baada ya tuliyotendewa, hii ni haki yetu."

Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe. Halafu akasema habari zimefika kutoka mjini, kwamba kura yangu nilimpa Daktari. Ni kweli? Nikamwambia ni kweli. Akavaa kofia yake akaondoka, na hakunipa mkono.

Usijilaumu. Angeniuliza siku yoyote, ningemjibu hivyohivyo.

Wewe njoo. Jumapili hii tulikuwa mimi na shangazi yako. Tuliimba, nikahubiri nimekaa. Nilipofika kwenye kuwaombea viongozi niliwataja wote, Daktari, wazee, fundi, na yule dada anayetaka udiwani. Shangazi yako akaitikia amina, sauti moja.

Baba yako