Nilivyohamisha Mfumo wa Baba Neema Kwenda Maven

Jumamosi, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi. Nimefuta meza mara tatu na vumbi limerudi mara tatu. Niko sawa, kichwa tu ndicho kimechoka.

Wiki hii nimefanya kazi ambayo si yangu, na nataka kuiandika yote, hata zile sehemu ambazo sijivunii.

Kazi ni ya mume wangu. Baba Neema ni mtu wa programu. Miaka yote tangu tuhamie hapa amekuwa akiwaandikia watu mifumo ya kompyuta akiwa sebuleni. Mwezi wa pili alipata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu anauburuta, na maneno yote yamepotea isipokuwa moja. Anasema "hapana". Ukimuuliza kama anataka chai anasema hapana, na ukimpa anakunywa. Neema akitoka shule na kumsalimia, anamjibu hapana huku akitabasamu. Daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo, neno moja linabaki limekwama mdomoni na halibebi maana yake tena.

Nililishika hilo. Pengine nililishika sana.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari ya kutwa. Java nilisoma chuoni, na tangu hapo nimeishia kuwafundisha wanafunzi mifano midogo ya kitabuni. Tuko likizo, kwa hivyo Jumatatu Mama Naserian alipopiga simu kutoka Kajiado, nilikuwa nyumbani.

Mama Naserian ni katibu wa kikundi cha wafugaji, na mfumo wao uliandikwa na Baba Neema. Kila ng'ombe ana namba sikioni. Ukiingiza ile namba kwenye kompyuta, unaona amechanjwa lini na chanjo gani. Sasa umeme ulipotea ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta ya ofisi. Rekodi zilikuwa salama kwa sababu kila Ijumaa alizinakili kwenye flash disk, jinsi Baba Neema alivyomfundisha. Kompyuta nyingine wamepata. Shida ni programu yenyewe. Haikuwa mahali pengine popote ila kwenye laptop ya Baba Neema, na Jumatatu hii inayokuja chanjo inaanza upande wa Isinya. Mwaka mmoja, kabla ya mfumo, kuna boma zima lilirukwa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amelipitia. Mwenye boma alipoteza ndama wake karibu wote.

Akauliza Baba Neema anaendeleaje. Nikamwambia, "Hawezi hizi kazi tena, Mama Naserian. Nitafanya mimi."

Baba Neema alikuwa kwenye sofa, hatua mbili kutoka niliposimama.

Nilisema vile kana kwamba hayuko. Nilipokata simu alikuwa amegeuka anaangalia dirishani, na mimi nikaenda kupika.

Jumanne nilifungua laptop yake. Niliufungua ule mradi na ukurasa mzima ukajaa mistari myekundu. Ndani yake kulikuwa na folda moja yenye faili thelathini na moja za jar, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine ambavyo mfumo wake unavitegemea. Alikuwa ameviingiza kimoja kimoja kwa mkono miaka yote hiyo. Vingine alikuwa amevibadilisha majina: "mpya", "mpya2", "hii-ndiyo". Nilicheka kidogo. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu aliyejua ni ipi kweli "hii-ndiyo" hangeweza kuniambia.

Ndipo nikaamua kuuhamishia Maven. Maven ni chombo cha kujenga mradi. Badala ya kukusanya jar kwa mkono, unaandika orodha ya unavyohitaji kwenye faili moja inayoitwa pom.xml, na Maven inavileta yenyewe kutoka mtandaoni, inavipanga, halafu inakujengea faili moja ya kuweka kwenye seva. Nilifikiri nikiufanya hivyo mara moja, mtu yeyote siku yoyote ataweza kuujenga, kwa kompyuta yoyote. Sikutaka tena mfumo wa watu ukae kichwani mwa mtu mmoja.

Kuiweka kwenyewe kulinichukua asubuhi nzima. Niliandika amri ya kwanza, ikaniambia haijui Java iko wapi. Java ilikuwepo, ila nilikuwa sijaielekeza. Nikaielekeza, nikafunga dirisha, nikafungua lingine, ikakubali. Halafu nikaiambia initengenezee mradi mtupu wa wavuti, na ikanipangia folda kwa utaratibu wake: code za Java huku, kurasa kule, mipangilio pale. Jioni nilikuwa nimehamisha kila kitu mahali pake.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za zile jar. Nilizifungua moja moja kuangalia ni toleo gani, kisha nikaziandika kwenye orodha. Kumi na moja hazikuwa zinatumika kabisa. Mbili zilikuwa kitu kimoja katika matoleo tofauti. Mara moja mfumo ulikataa kupata faili ya mipangilio, na ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Maven haiichukui mpaka iwe kwenye folda yake maalum, na mimi nilikuwa nimeiacha pamoja na code.

Alhamisi saa tisa alasiri nikaandika tena amri ya kujenga, mvn clean package, na mwishoni yakatokea yale maneno ya kijani: BUILD SUCCESS, yaani mradi umejengeka. Nilisimama. Nilitaka kumwambia mtu. Mtu pekee nyumbani ambaye angeelewa maana yake alikuwa kwenye sofa. Nikaenda kumwambia Neema, ambaye ana miaka kumi na alikuwa anamsuka mdoli wake nywele.

Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Ama najua.

Ijumaa asubuhi nikabaki na kazi moja, kuweka ile faili kwenye Tomcat, ile seva inayozifungua kurasa. Nilipakua toleo jipya, namba kumi, nikifikiri lililo jipya ndilo zuri. Nilipokuwa nalifungua, Baba Neema alikuja na fimbo yake akasimama nyuma yangu. Akasema hapana. Nikamwambia chai inakuja. Akasema tena hapana, akapiga meza kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia asijichoshe. Alibaki hapo kidogo, halafu akarudi kuketi.

Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri, na picha ya ng'ombe juu. Nilibonyeza orodha ya mifugo. 404, yaani hakuna kitu hapo. Nikabonyeza chanjo. 404. Kila mlango niliofungua ulikuwa hivyo, na hakuna kosa lolote lililoandikwa popote. Nilibadilisha njia za kurasa, nikajenga upya mara sita, kila mara kijani, na kila mara 404. Saa nane mchana nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Mama Naserian kwamba imeshindikana.

Nilitoka kuanua nguo kabla vumbi halijazimaliza. Niliporudi, Baba Neema alikuwa mezani. Kwenye lile dirisha jeusi ninaloandikia amri kulikuwa na tarakimu moja tu.

9.

Nilidhani ameigusa kwa bahati mbaya. Niliponyoosha mkono niifute, akanishika kiganja. Akaibonyeza tena, 9. Halafu akaweka kidole kwenye skrini, kwenye jina la ile folda ya Tomcat, juu ya ile 10.

Nikaelewa. Kuanzia toleo la kumi, Tomcat ilibadilisha majina ya vitu vya ndani. Vilivyokuwa vinaanza na javax sasa vinaanza na jakarta. Code ya Baba Neema ni ya zamani, inaita kila kitu javax. Tomcat mpya haiyajui yale majina, kwa hivyo haioni kosa. Inaziacha zile kurasa kana kwamba hazikuandikwa. Nilipakua toleo la tisa, nikaweka faili ile ile, sikubadilisha hata mstari mmoja. Nikabonyeza orodha ya mifugo.

Ikafunguka. Ng'ombe wote, namba zao, tarehe zao.

Niliketi karibu naye. Nilikuwa nafikiria ile asubuhi. Aliniambia hapana, na ilikuwa hapana ya kweli. Alipiga meza ili nisikie, nami nikamwahidi chai. Kuanzia mwezi wa pili mpaka sasa, hapana ngapi zilikuwa za kweli? Yule daktari aliyetaka kumbadilishia mazoezi? Siku tulipouza pikipiki yake?

Nikamwambia, "Baba Neema, nimekukosea. Si ya Tomcat. Ile niliyosema kwa simu."

Aliniangalia. Akasema, "Hapana."

Sijui ilikuwa hapana gani, na sikumuuliza. Aliacha mkono wake juu ya wangu mpaka Neema alipoingia kutafuta mkate.

Leo saa nne Mama Naserian amefika kutoka Kajiado na pickup ya kikundi, kompyuta imefungwa kwenye shuka. Aliingia akaenda moja kwa moja kwa Baba Neema, akamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Halafu akangoja. Alingoja kwa muda ambao mimi nisingeuvumilia, ningeshajibu kwa niaba yake. Baba Neema akasema hapana, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa ipa, jibu la salamu ile, akauliza habari za mguu.

Tuliweka mfumo pamoja. Nilimwonyesha Mama Naserian amri moja ya kujenga na mahali pa kuweka faili, akaandika kwenye daftari lake. Tukarudisha zile rekodi za flash disk. Aliingiza namba ya ng'ombe wake mwenyewe, na chanjo zake zikatokea zote.

Tulipokuwa tunakunywa chai alitoa karatasi. Wanachama walikuwa wameomba mambo matatu: ripoti ya kila mwezi, ujumbe wa kuwakumbusha tarehe ya chanjo, na kutafuta ng'ombe kwa rangi na mabaka, kwa sababu wazee wengi hawashiki namba, wanamjua ng'ombe kwa rangi. Nilinyoosha mkono kuipokea. Yeye akaiweka mbele ya Baba Neema, na biro juu yake.

Alisoma kwa muda mrefu. Kichwani mimi nilikuwa nimeshazipanga kazi zile, na ile ya rangi ningeiweka mwisho kabisa, pengine ningeiacha. Nikafunga mdomo. Alishika biro kwa mkono wa kushoto. Mbele ya ripoti akaandika 3, imepinda kama ya mtoto. Mbele ya ujumbe, 2. Mbele ya rangi akaandika 1, akaizungushia duara.

Mama Naserian alisema wazee watafurahi, akamaliza chai yake.

Kesho asubuhi ni kanisa. Jumatatu, wale wa Isinya wakianza kuchanja, sisi tutaanza na rangi.