Akaunti ya mgeni

Jumatano

Nimejitakia mwenyewe. Kompyuta ya nyumbani niliipanga mimi, kila mtu na akaunti yake. Usimamizi nikampa Mama, maana sikuweza kujiweka juu yake. Nikamfundisha na kubadilisha ruhusa.

Leo kabadilisha yangu. Nimekuwa mgeni.

"Mama, mbona mimi mgeni?"

"Wewe si una kwako, mwanangu? Makunduchi."

Mwezi wa tatu huu nshakaa hapa Michenzani na masanduku yangu yote, na mume hajapiga simu. Labda Mama anamngoja kuliko mimi.

Akaunti ya mgeni haihifadhi kitu. Ukitoka tu, ulichoandika chote kinafutika. Barua yangu ya kuomba kazi imekwenda hivyo.

Haya nayaandika daftarini.