Kwa Baba Stanley Butterworth, Mtunza Salamu za Taarifa ya Saa Tatu

"Alikuwa Penrose. Hata ukinifufulia mama yangu aje anibishie, nitamwambia alikuwa Penrose."

"Penrose gani, Wilf? Kanda zote za Penrose tumeziangalia mpaka macho yamevimba. Alikuwa Rosamund Keane, na alivaa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu. Mimi taarifa niliiona. Wewe ulikuwa baa, umevaa kofia ya kitoto."

"Na za Keane hatukuziangalia? Si ulikuwa unasinzia, Sheila? Nilikuona."

"Nilikuwa nafumba macho nisikilize vizuri."

Hao ni jirani zako, Baba, Mzee Wilf Ogden na Bi Sheila Tattersall, kila mmoja upande wake wa ukuta, Jumamosi iliyopita asubuhi. Sheila ana fagio, Wilf ana chupa ya maziwa, na Mtaa wa Garnet mzima uko madirishani. Wanabishana ni nani aliyesoma taarifa ya habari ya saa tatu usiku, siku moja ya Mei mwaka 1983. Ungekuwapo ungetoka na ndara zako, ukainua kidole, ukawatajia jina la msomaji, rangi ya tai yake na karatasi ipi ilimponyoka. Kesi ingeisha hapo hapo, na wote wangeingia kwetu kunywa chai. Umetimiza mwaka tangu utuondokee, tarehe kumi na nne Mei, na ubishi wa mtaa huu umekosa hakimu.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Miaka thelathini na mmoja ulizunguka Oldham na lile gari la kijani, ukitengeneza televisheni za watu. Hukukubali kuondoka nyumba ya mtu mpaka sura ya msomaji imekaa sawa, mashavu yasiwe ya kijani wala paji la uso lisivutike kama ulimi. Bibi kizee akiwa peke yake, ulijifanya kuna waya bado unakusumbua, ili ukae naye mpaka taarifa iishe. Mama alikuwa akikuuliza kwa nini umechelewa, unasema, "Waya." Mama alijua. Alikuwa anafunika sahani yako na nyingine, basi.

Tunakukumbuka kwa tai. Saa tatu kasoro robo unanawa uso, unachana nywele, unafunga tai. Wageni walicheka. Unawajibu, "Yeye kavaa kwa ajili yangu. Mimi nimpokee na singlendi, ananionaje?" Na akisema usiku mwema, unamjibu, usiku mwema na wewe, kwa sauti ya mtu anayeagana na mgeni mlangoni.

Na nyumba ilivyokuwa inajaa, Baba. Televisheni yetu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani, kwa hiyo kila usiku makochi yalikuwa hayatoshi. Kulikuwa na watu wa Penrose na watu wa Keane, kama timu za mpira. Wa Penrose walisema Keane anameza maneno. Wa Keane walisema Penrose amevaa nywele za bandia, na Bi Sheila aliwahi kupiga magoti sentimita kumi kutoka kwenye kioo kutafuta mshono. Wewe ulijidai huna upande. Lakini Keane alipougua mafua mwaka 1986 ulimtumia chupa ya asali kwa posta, akakujibu kwa kadi, ukaitundika karibu na picha yenu ya harusi. Mama akaihamishia chooni. Iko huko mpaka leo.

Watu walidhani unapenda habari. Sisi wa nyumbani tulijua habari zenyewe hukuzijali hivyo. Ulichopenda ni ile saa kubwa inayohesabu sekunde, ule muziki wa kufungulia, halafu msomaji anainua macho na kukusalimia. Hapo unabonyeza deki yako ya kurekodia, kanda inasimama, vita na mabunge vinapita zake. Zikibaki dakika mbili, msomaji akilegeza uso na kusema "Na mwisho kabisa", unabonyeza tena. Unanasa kile kihabari cha kuchekesha cha kufungia, usiku mwema, karatasi zinapangwa, taa za studio zinafifia. Kanda mia tatu tisini na nane za taarifa ya habari, na habari hamna. Mwanao Keith alisema ni kama mtu aliyekusanya bahasha akatupa barua. Ukamwambia, "Barua huandikwa na yeyote. Angalia bahasha." Hukumwelewesha, lakini ulimnyamazisha.

Sasa hizo bahasha zako ndizo zilizotugombanisha, na sababu yake ni Nora.

Miezi miwili baada ya kukuzika, Nora, mke wa Mzee Wilf, naye akaenda. Usishangae kama mmeshakutana, na kama mmekutana basi unajua, ameshakusimulia yeye. Hapa Wilf alibaki na picha zake, nyingi tu, ukutani na mezani. Sauti hakubaki nayo. Hakuna aliyewahi kumrekodi Nora, maana ni nani anamrekodi mtu anayeongea tangu asubuhi mpaka jioni? Mwezi wa pili mwaka huu Wilf akaja kwa Mama, akasimama mlangoni na koti lake, akasema, "Beryl, naanza kusahau alivyokuwa anacheka. Sura ninayo. Kicheko kinanipotea."

Ndipo Mama akakumbuka zile mbio za vigari vya watoto za Mei 1983, Nora alipokuwa na miaka thelathini na saba. Wanaume wazima wamekaa ndani na kofia za kufunga kidevuni, wake zao wanasukuma kutoka baa mpaka baa. Mwaka ule wapiga picha wa televisheni walikuja, na Nora alitokea usiku ule ule kwenye taarifa, mwisho kabisa. Mtaa mzima ulimwona, isipokuwa wawili. Yeye na Wilf walikuwa bado baa wanasherehekea nafasi ya nne.

Kihabari cha mwisho, Baba. Ndicho ulichokuwa unarekodi.

Ila hukuandika tarehe. Kanda zote mia tatu tisini na nane, hakuna hata tarehe moja. Ulizipanga kwa wasomaji. Masanduku ya Penrose, masanduku ya Keane, na juu ya kila kanda rangi ya tai au namna ya hereni. Ndiyo maana kujua nani alisoma usiku ule kulikuwa si porojo tena. Wilf aliapa ni Penrose, kwa kuwa aliambiwa hivyo baa. Tukaangalia za Penrose mwezi wa tatu wote. Sheila aliapa ni Keane. Tukaangalia za Keane mwezi wa nne wote. Tumeona bata waliopanda basi, kasisi aliyekwama kwenye bomba la moshi, viazi vyenye sura za mawaziri. Nora hakuna. Wilf akaacha kuja. Akasema, "Acheni jamani. Labda ndivyo inavyotakiwa iwe." Mtu anayesema hivyo ujue bado anataka, na ndiyo maana Jumamosi alikuwa ukutani na chupa ya maziwa, anaapa upya ni Penrose.

Basi wako hapo ukutani, Penrose, Keane, Penrose, Keane, Mama akafungua dirisha la jikoni, mikono ina unga.

"Nyie. Siku hiyo Baba Janice hakuvaa tai."

Wakamtazama.

"Nilimuuliza, tai iko wapi leo? Akaniambia, nimvalie huyu? Akakaa na singlendi kama mgonjwa. Nilidhani ana homa."

Bi Sheila akaegemea fagio lake taratibu kama mtu aliyeambiwa umri wake. "Mbio zilikuwa Jumatatu ya mapumziko," akasema.

"Ya mwisho wa Mei," Mama akasema.

"Na wasomaji wakubwa wote walikuwa makwao wanakata majani."

Kila mtu nchi hii anajua, Jumatatu ya mapumziko taarifa huwa fupi na anasoma mtu wa kushikilia, yule ambaye asubuhi yake hukumbuki alikuwa na pua ya namna gani. Miezi miwili tumebishana juu ya wasomaji wawili waliokuwa likizo.

"Na lile koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu?" Wilf akauliza.

"Hilo koti ni la Sheila mwenyewe," Mama akasema. "Alilivaa Krismasi."

Baba, mimi Janice wako nilipanda darini mbio mpaka nikaacha kiatu ngazini. Nyuma ya tangi la maji, kwenye sanduku la ndizi ambalo hakuna aliyelijali, kulikuwa na kanda sita zilizofungwa na uzi. Juu yake mwandiko wako: WA KUSHIKILIA. Wale uliowanyima tai. Hukuwapenda, na bado uliwarekodi, muziki, salamu, karatasi na yote, bila kuwakata hata sekunde. Niliketi pale kwenye vumbi nikakusema kwa upendo.

Jumapili Keith akaja kutoka Stockport na mkewe Lorna na deki ya pili, maana yako ilikuwa imechoka na za Keane. Kanda ya kwanza, hapana. Ya pili, chenga tupu. Ya tatu akatokea kijana mwenye miwani, nywele za kichogo zimesimama kama brashi, akasema, "Na mwisho kabisa." Na hapo kukatokea Mtaa wa Garnet. Tukauona ukuta. Tukaona mkono wa mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, ameshika kigari. Mama akasema, "Simamisha." Hatukuangalia zaidi. Haikuwa yetu kuiona kwanza.

Bi Sheila akaenda kumwita. Tukamsikia barabarani, "Vaa viatu, wee mzee, vaa viatu, nakwambia." Wilf akaja akasimama nyuma ya kochi, kofia mkononi. Tulimwambia akae, hakukaa. Keith akabonyeza.

Nora akaja anakimbia, Baba. Uso mwekundu, nywele zimefumuka, na ndani ya kigari Wilf ana chuchu ya plastiki mdomoni. Gurudumu likang'oka pale kwa muuza nyama, likaenda zake. Nora hakusimama. Akainua upande ule kwa mkono mmoja, akaendelea, watu wanapiga sufuria. Wewe huonekani, tumekutafuta kila dirisha. Mama anasema ulikuwa kazini, siku za mapumziko ndizo televisheni za watu hufa. Halafu mwandishi akamwekea Nora kipaza sauti akamuuliza ugumu ulikuwa wapi. Nora akavuta pumzi. "Mume wangu ni mzito kuliko alivyoniambia siku ya harusi." Na akacheka. Kile kicheko chake cha kupanda ngazi, kikifika juu kinateleza. Chumba kizima kilikijua kabla hakijaisha.

Yule wa miwani akacheka pia, akasema usiku mwema, akapanga karatasi, taa zikafifia. Sote tukageuka kumwangalia Wilf.

Akamwambia Bi Sheila, "Nilimwambia kilo sabini."

"Ulikuwa na ngapi?"

"Tisini na nne." Akafuta uso kwa kofia. "Rudisha, Keith. Rudisha hapo anapovuta pumzi."

Tumerudisha mara kumi na moja. Sheila alilia akasema ni vumbi la kanda. Mara ya sita Wilf alianza kucheka pamoja naye, akimwahi, na kufikia ya tisa alikuwa amekaa.

Kwa hiyo mwaka huu hatukuandikii kwa kulia, Baba. Tunakuandikia tukiwa na hamu ya kukupa habari, kama tulivyokuwa tunakukimbilia mlangoni ukitoka kazini. Tumeipata. Uliitunza.

Anakukumbuka mkeo Beryl, aliyeanza kulalamika kuhusu masanduku mwaka 1981 na sasa hataki mtu ayaguse. Tunakukumbuka wanao, Janice na Keith, mkweo Lorna, wajukuu zako Bethany na Callum, ambao wameuliza kwa nini watu wa zamani walikuwa wanapanga karatasi zisizo na kitu. Na kwa mara ya kwanza katika tangazo la kumbukumbu la familia yetu, Sheila Tattersall na Wilf Ogden, waliogoma kuachwa nje. Hatutakusahau siku za kazi, wala Jumatatu za mapumziko.

Naandika haya mezani, Jumatano, jua bado lipo, na mlango unagongwa. Ni Mzee Wilf, siku ya nne mfululizo kuanzia Jumapili. Anauliza kama tuna balbu.

"Jana ulitaka chumvi," Mama anamwambia kutoka jikoni, "juzi ulitaka kujua saa, na wewe una saa mbili. Ulichofuata tunakijua, kiko ndani ya deki, hakiendi popote. Nimepika pai ya nyama na njegere za kuponda, na sahani yako nimeshaipakua. Vua koti, Wilf. Ingia ule kwanza."