Simu Iko Mezani

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuhangaika na mapacha peke yako shemeji akiwa safarini. Goti la baba linaendeleaje?

Kazi yangu ya maabara unaijua. Unga wa kaboni, mweusi kuliko masizi, chembe zake hazionekani kwa jicho, tunauchanganya na maji, tunawachoma panya kwa sindano kwenye uvimbe wa saratani. Kisha tunamulika mwanga. Unga unaunyonya, unapata moto, na uvimbe unaungua kutoka ndani. Wiki mbili zilizopita ililetwa kamera mpya ya kuona joto. Desturi yetu, chombo kipya hakiendi kwa panya kabla hakijatujaribu sisi, basi utani ukaanza. Pua ya mkubwa wetu ilitokea ya buluu, baridi kama ya mbwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Zamu yangu ilipofika, titi la kushoto lilionyesha doa jekundu. Mwenzangu akaniambia nitoe simu kifuani, inaidanganya kamera. Nikamjibu kwamba simu iko mezani, inachaji. Dada, wakafuta kioo cha kamera, wakaizima, wakaiwasha tena. Doa liko palepale.

Mkubwa alisema kamera si daktari, akanipeleka hospitali mwenyewe. Walinikata kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Ni saratani. Mimi! Ninayeishika kila siku kwa glavu! Mpaka sasa siamini.

Nikwambie nisilomwambia mtu. Jana, wenzangu walipokwenda kula, niliivuta ile dawa nyeusi kwenye bomba la sindano, nikafungua vifungo vya blauzi. Mkubwa alikwisha kunikatalia, akisema bado ni ya panya. Lakini waliopona nimewaona kwa macho yangu, na mfa maji haachi kutapatapa. Kilichonizuia ni ndoo iliyo chini ya meza. Panya wasioamka huwekwa humo, na anayewaweka ni mimi. Niliitupa sindano, nikaketi sakafuni nikalia.

Jumatatu nafanyiwa upasuaji. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa kike. Akasema naye apimwe. Njoo, dada, tuingie pamoja, mimi nikatwe na wewe upimwe. Usinambie unaogopa. Hofu nimeimaliza yote mimi, hujabakiziwa hata tone.

Baba mwambie nina mafua tu. Wabusu mapacha, mmoja asipunjwe.

Mdogo wako akupendaye,
Kichwa Ngumu