Kwa Baba, Fundi Unywele: Jina Lako Bado Linauzwa

Ko. Ko. Ko-ko.

Kila asubuhi tulikusikia kabla ya kukuona: mpini wa kijiko cha chai ukigonga ubavu wa kalibu, chombo cha kumiminia, ili mapovu ya hewa yapande na kutoka kabla plastiki haijaganda. Leo umetimia mwaka mzima, Baba, tangu kifua kilipokushinda na mlio huo ukakoma. Mama bado anaamka saa ileile. Anakaa kitandani akisikiliza.

Wasiokufahamu wajue hivi. Yapo magari madogo ya spoti, ya milango miwili, ambayo viwanda viliacha kuyatengenezea spea kabla mimi sijazaliwa. Injini zake mafundi wanaziweza. Kilichowashinda ni vitu vidogo vya plastiki: matundu ya hewa ya dashibodi, vifuniko vya taa, vishikizo vya vioo. Jua likishavipasua, basi. Madukani havipo, na gari zuri linabaki kama bwana aliyevaa suti hana meno. Wewe ulivirudisha. Ulichukua kilichovunjika, ukakiunga, ukakisugua kwa msasa siku nne, ukatengeneza kalibu yake, ukamimina kipya. Kikikataa kuingia mahali pake ulisema, "Kimezidi unywele," ukakitupa. Wateja wakakuita Fundi Unywele. Nawe ukalichonga jina hilo, kinyumenyume, ndani ya kila kalibu, ili kila kipande kizaliwe nalo mgongoni.

Ulipima kila kitu. Dada ulimpima miguu kwa kipimio cha chuma kabla ya kumnunulia viatu vya shule. Bibi ulimmiminia kofia ya ncha ya fimbo yake, asiteleze jikoni, ukairudia mara tatu kwa sababu ilikuwa ikilia sakafuni. Majirani walicheka. Bibi hajateleza hadi leo.

Barakoa ya kuzuia mvuke wa plastiki uliikataa, eti inatia ukungu kwenye miwani. Hilo sijakusamehe.

Ulikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa mtu mwenye haraka. Mwenyekiti wa chama cha wenye magari hayo alikuja siku moja akitaka matundu ya hewa thelathini kabla ya maonyesho yao.

"Fundi, toa tu. Mbona kimeshakauka?"

"Kimekauka, hakijapoa."

"Kuna tofauti gani?"

"Vaa suruali iliyotoka kwenye pasi sasa hivi, halafu uniulize tena."

Tulicheka mpaka Mama akamwaga chai. Lakini hukuwa unatania. Kipande kikitolewa na joto lake hujikunja baadaye, polepole, ndani ya gari la mtu. Wewe ulikiacha siku nzima. Mwenyekiti aliondoka na kumi na viwili, amenuna.

Mazishini alilia kumshinda Mama. Siku ya tatu akarudi na pikapu. Mama alikuwa amelala chumbani, dada yuko naye, mimi nimekwenda kurudisha viti vya kukodi. Baba Mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, akamfungulia karakana. "Nitazilinda kalibu zake kama mboni ya jicho langu," ndivyo alivyoambiwa, akaamini. Niliporudi nilikuta rafu tupu, na juu ya vumbi alama za miraba pale zilipokuwa.

Hakuzilinda. Anamimina. Anatoa vipande vikiwa bado vya moto, anavitia kwenye maboksi, na mgongoni mwa kila kimoja limo jina lako. Tangu mwezi wa nne watu wanatubishia hodi na plastiki zilizopinda kama maganda ya chungwa yaliyokauka. Hawatukani. Afadhali wangetukana. Wanaziweka mezani kwa Mama na kusema, "Kumbe Fundi naye alikuwa hivihivi." Mama anazifuta vumbi, anazipanga kabatini, anafunga mlango wake taratibu kama mle ndani amelala mgonjwa.

Nilimwendea Mwenyekiti, Baba. Nilitaka jambo moja kati ya mawili: azirudishe kalibu, au alizibe jina lako. Tone la gundi, kazi ya dakika tano. Akanitazama kuanzia viatu.

"Kijana, jina ndilo linalouza. Plastiki kila mtu anayo."

"Basi andika lako."

"Langu nani analijua? Nenda katunge mashairi."

Najua anasoma ukurasa huu wa gazeti, kwa maana mwaka jana alitoa rambirambi hapahapa, picha yake kubwa kuliko yako. Asome basi.

Hata mimi sijatoka safi. Miaka miwili uliniita karakanani nije nione unavyochanganya. Nikajibu, "Nakuja, Baba," nikamalizia ubeti kwanza. Dada hakusema anakuja, alikuja. Ndiye aliyeandika yote uliyomtajia: vipimo, kiasi cha kuchanganya, saa za kupoa. Pikapu ilibeba kila kitu ila daftari hilo, kwa kuwa lilikuwa chini ya mto wake. Na Mama amenikataza kuweka ubeti hapa. Anasema ulikuwa ukisinzia nikisoma.

Jumamosi iliyopita alikuja yule mwalimu mstaafu, mwenye gari la kijani aliloachiwa na marehemu mumewe. Tundu la hewa alilouziwa lilikuwa limejikunja hadi likapasua ubao wa dashibodi. Hakuliweka mezani. Alibaki nalo mkononi.

"Mwanangu, niambie ukweli. Hii ni kazi ya baba yako?"

"Jina ni lake, Mwalimu. Kazi si yake."

"Na mimi nitajuaje?"

Aliuliza kwa haki. Hatukuwa na kitu cha kumwonyesha, hata kimoja. Akafungua mkoba, akatoa kile cha zamani, cha kiwandani, kimevunjika vipande viwili ndani ya leso.

"Hiki sikukitupa," akasema. "Katika nyumba hii, yupo bado wa kukifufua?"

Waliokuwa sebuleni wakati huo ndio hawa wanaokukumbuka, leo na siku zote tutakazokuwa hai: Mama, mkeo; dada, binti yako wa kwanza; Bibi, mama yako mzazi, aliyekataa kuketi mpaka jibu litoke; mimi, mwanao; na Baba Mdogo, aliyesimama mlangoni asithubutu kuingia. Ameomba awemo humu gazetini. Nilisema hapana. Mama akasema awemo, na neno la Mama ni la mwisho, kwa hiyo yumo.

Mbele yao wote nilimjibu mwalimu kwa sauti, nawe Baba uwe shahidi:

"Tutakitengeneza sisi, mimi na dada. Kikipinda nitakivunja mbele yako, nianze upya. Na mgongo wake utakuwa mtupu, Mwalimu. Jina la Baba sitaliandika. Kikivuka jua la mwaka mzima ndani ya gari lako, wewe ndiye utakayeniambia niliandike."