Niliomba Mvua Isinyeshe

Mama,

Mvua imenyesha. Imenyesha tangu juzi bila kupumzika, na kijiji kizima kinashukuru. Akina mama wameimba kanisani mpaka sauti zikakauka, wanaume wamekwenda mashambani kupiga miguu kwenye tope kama watoto. Mimi nimekaa upenuni nyuma ya nyumba nimefunga mdomo, kwa sababu nikiufungua nitasema neno ambalo ungekuwapo ungenizaba kofi. Nakuambia wewe peke yako. Niliomba isinyeshe.

Usikasirike kwanza. Uliondoka mbio, hukupata kuona lolote, ngoja nikueleze.

Mtoto yu hai. Nilipaswa kuanza na hilo. Yule uliyemzaa asubuhi, ukatuacha kabla jua halijafika utosini, yu hai, na ni mvulana. Mkunga anasema ulimwona ukatabasamu, lakini mkunga naye husema mengi ya kutuliza watu, sijui nimwamini vipi. Baba amempa jina la baba yako, Jillo. Ana masikio yako yaliyosimama, na hasira ni zangu, Mungu amsaidie.

Mwanzoni alinyonyeshwa na mke wa Mjomba, ambaye alikuwa na kichanga chake mwenyewe. Alijitahidi, simlaumu. Lakini maziwa ya mtu mmoja kwa watoto wawili, katika kiangazi kile, na chakula chenyewe ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, yangetoka wapi? Yakakauka. Baba akaenda Garsen kwa miguu, na mguu wake ule mbovu, akarudi na kopo la maziwa ya unga kutoka duka la yule Msomali mwenye ndevu za hina. Lilipoisha akaenda tena. Akaambiwa mengine hakuna mpaka lori lije kutoka Malindi, na lori lenyewe limeharibika njiani. Mama, nilimlisha mwanao maji ya sukari nikimwimbia, na nilipokuwa namwimbia nilikuwa nakutukana wewe. Nilikutukana kwa kufa kwako.

Kisha akaja rafiki yako, Mama Galgalo.

Alikuja kama anavyokuja kila kiangazi Waorma wanaposhusha ng'ombe mtoni, na chombo chake cha maziwa mgongoni, akitaka kubadilishana na mahindi yako. Hakuwa na habari. Alisimama mlangoni pale mlipokuwa mkikaa, yeye na Kiswahili chake cha kuokota na wewe na maneno yako matatu ya Kiorma, mkicheka mpaka nikawa nauliza hawa wanaelewana nini. Akaniuliza, "Mama wapi?" Alinitazama usoni, akatua chombo, akakaa chini mchangani, akajifunika uso kwa shuka yake. Ndipo Jillo akalia ndani.

"Nani nalia?" akasema, na hakungoja jibu, akaingia.

Tangu siku hiyo alileta maziwa asubuhi na jioni, na mahindi akayakataa. Nilimjazia kikapu kwa mahindi ya mbegu tuliyobakiza, akakiacha palepale. Mtoto akaanza kunenepa. Hapo katikati nusura nimuue mimi mwenyewe kwa usafi wako. Si ulinifundisha kwamba chombo kisiposuguliwa kwa mchanga na sabuni si chombo? Basi nilikichukua kile cha Mama Galgalo, kikiwa kinanuka moshi, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikajisifu. Maziwa yakaharibika humo humo, na Jillo akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mama Galgalo alipokinusa alipiga paja. Chombo cha maziwa kwao huoshwa kwa moshi wa kuni, maji na sabuni hukiua. Hakunigombeza. Alikaa jikoni kwetu na kijinga cha moto, akakifukiza upya, akanionyesha mara mbili jinsi ya kukizungusha. Nilitamani anigombeze.

Sasa nikuambie ya kanisani. Tangu uondoke wameamua wafagie kwa zamu, maana yake hafagii mtu. Kinyesi cha popo kiko juu ya viti, na sakafu uliyokuwa ukiikandika kila Jumamosi imepasuka. Mhubiri alipokuja na mtumbwi mara ya mwisho walisukumiana nani ampikie, akala kwetu, kama kawaida. Nilimpa kuku wa mwisho. Nilikuwa nanung'unika nikikukumbuka wewe ukiniambia, "Rebeka, punguza mdomo, ongeza kuni." Hata wali wake nilimpakulia kwa kijiko chako kikubwa.

Kisha wakanipa nafasi yako kwenye maombi ya Alhamisi. Walisema damu ya mama ni ile ile. Walikuwa wakiomba mvua, Mama, na walikuwa na haki. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa magotini, mto umekonda mpaka ng'ombe wanavuka bila kulowa tumbo. Kila Alhamisi nilisimama mbele, nikanyosha mikono kama ulivyokuwa ukifanya, nikasema kwa sauti, "Bwana, tuletee mvua." Na moyoni nikasema, "Bwana, ngoja kidogo. Ngoja aote hata meno mawili."

Kwa maana mvua ikinyesha Waorma wanaondoka. Sisi sote tunalijua hilo tangu tukiwa watoto. Vichaka vya mtoni vikilowa mbung'o wanajaa, na mbung'o akimuuma ng'ombe, ng'ombe anakufa. Kule nyikani nako madimbwi yanajaa, nyasi zinaota, nani abaki hapa? Kila mwanamke aliyepiga magoti pale alijua kwamba mvua ikija maziwa ya Jillo yanaondoka, na hakuna aliyelitaja. Shamba la Baba lilikuwa linakufa na mtoto wa Baba alikuwa anaishi, na niliyoyaomba kwa mdomo na niliyoyaomba kwa moyo yalikuwa yanagombana mbele ya Mungu. Wao walikuwa wengi, mimi nilikuwa mmoja. Imenyesha.

Mama Galgalo alikuja jana akiwa amelowa chapachapa. Hakukaa. Akasema, "Kesho ng'ombe naondoka. Mtoto hapana kufa. Mimi nachukua. Kiangazi narudisha." Nikamsihi atuachie ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa, tutamlipa kwa mavuno. Akatikisa kichwa. Ng'ombe atakufa, akasema, halafu mtoto atafuata. Barabara ya Garsen imekwisha kukatika, hata lori likipona haliji leo wala mwezi ujao. Nilizunguka kila upande, Mama, kama kuku aliyefungwa mguu, sikuona pengine.

Habari zikamfikia Mzee Samueli, mzee wa kanisa. Alikuja jioni akakaa kwenye kigoda chako. Akasema mtoto wa kanisa, tena ambaye bado hajabatizwa, hawezi kwenda kulelewa nyikani na watu wa dini nyingine. Akasema watu watasema nini, na wewe ungesema nini, mke wa mfano, mama wa mfano, mtumishi wa nyumba ya Bwana. Aliyataja yote hayo kana kwamba ndiye aliyeishi na wewe. Tumngoje mhubiri, akasema, na kwa sasa mtoto apewe uji mwepesi. Subira yavuta heri. Uji tumejaribu, Mama. Aliutapika na damu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia, "Mzee, subira hainyonyeshi." Nilimjibu mtu mzima hivyo, ndani ya nyumba yako, na sikuinamisha macho.

Nilitaka Baba aseme neno. Baba huyu si yule uliyemwacha. Bado analala upande wake wa kitanda, upande wako hauguswi. Namchemshia maji ya mwarobaini kwa ajili ya mguu kama ulivyokuwa ukifanya, naye hunishukuru kwa adabu, kama mgeni. Mzee Samueli alipoondoka Baba alibaki akitazama moto, nami nikasema moyoni, basi, nimebaki peke yangu.

Leo asubuhi nilimfunga Jillo kwa leso yako ya kanisani, nikatoka bila kuaga. Nilipofika ukingoni nikamkuta Baba yuko ndani ya mtumbwi, pondo mkononi, ananingoja. Nikaingia. Maji yamepanda, Mama, mekundu, yanabeba miti mizima, na Baba alisukuma kwa mguu ule ule mbovu akiwa ameuma meno. Ng'ambo ya pili ng'ombe walikuwa wamekwisha kusimamishwa, na Mama Galgalo alikuwa mbele yao ameshika fimbo.

Nikamnyoshea mtoto, Baba akasema, "Ngoja." Akainama akachota maji ya mto kwa kiganja, maji yale yale machafu, akammiminia Jillo kichwani, akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Baba, ambaye hata kuomba kabla ya chakula alikuwa akikuachia wewe. Sauti ilimkatika kwenye Mwana, akarudia. Mama Galgalo alingoja mpaka akamaliza. Kisha akamfuta mtoto kichwa kwa ncha ya shuka yake, akamsomea dua yake mwenyewe taratibu sikioni. Mzee Samueli akisikia, shauri yake.

Akamweka ndani ya shuka, kifuani. Jillo alitafuta kidogo, akapata joto, akanyamaza. Laiti angelia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikuwa nimejiandaa kwa kunyamaza. Wakaondoka, na kwato zilikuwa zikizama topeni na kunyofoka, nami nilisimama mpaka nisione hata mgongo wa ng'ombe wa mwisho.

Sasa nimekaa hapa na mikono isiyo na kazi. Sijui kama nimemwokoa mwanao au nimemtupa. Wakinitazama kijijini naona wameshanihukumu, wengine kwa kumpeleka, wengine kwa kukawia. Mimi najihukumu kwa yote mawili. Hakuna mtu wa kuniambia, na wewe uliyekuwa ukiniambia umelala chini ya mchanga unaolowa.

Mama, nakuaga hapa, karatasi aliyonipa mwalimu inaisha. Nakuahidi haya. Mto ukishuka na vumbi la kwanza la ng'ombe likionekana, nitakuwa kwenye kivuko kila siku, kila kundi litakalokuja nitaliuliza. Akirudi akimwita yule mwanamke mama, sitamkanya. Nitamwambia anao wawili, na nitamfundisha jina lako mpaka alitamke bila kukwama.

Ila nami nina ombi. Wanawake hapa wananong'ona kwamba mama akifa uzazini humwita mtoto wake amfuate, hapumziki mpaka ampate. Mhubiri anasema huo ni ujinga wa kale, nami mbele yake nitasema hivyo hivyo. Lakini iwapo ni kweli, iwapo unamtamani, najua unamtamani, hukumshika hata mara moja. Nichukue mimi kama ni lazima uchukue mtu.

Yeye usimwite, Mama. Nakupigia magoti. Usimwite.

Mwanao,
Rebeka